Tulipokwenda Bunju kwa Mzee wa Kamera

Ukipanda daladala la Bunju pale Makumbusho siku ya Jumamosi asubuhi, jiandae kukaa. Vituo ni vingi, na kila kituo kuna mama mwenye ndoo, beseni au mtoto mgongoni. Utapita Mwenge, Lugalo, Mbezi Beach na Kunduchi. Utakiona kiwanda cha saruji cha Wazo kilimani, mkono wa kushoto. Utaiacha Tegeta, utaiacha Boko, na upepo wa bahari utaanza kuingia dirishani kabla konda hajaita "Bunju A!" Ukienda mbele kidogo, ukapita Bunju B, unaingia Mapinga, na hapo umekwisha toka Dar es Salaam, uko Mkoa wa Pwani.

Zamani mtu wa Magomeni au Kariakoo akikuambia amepata kiwanja Bunju ulimwonea huruma. Kulikuwa ni mashamba, mikorosho na minazi, na anayekwenda huko alibeba chakula chake. Leo ni nyumba kwa nyumba: zilizokwisha na kupakwa rangi, zenye nondo zilizochomoza juu zikisubiri ghorofa, na zile zilizofika kwenye lenta zikasimama hapo miaka kumi. Mikorosho imebaki kwenye viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga, na watoto wa jirani ndio wanaovuna.

Tulikuwa watatu, wauguzi wawili na mwalimu mmoja mstaafu, wote wa kamati ya usharika wetu inayotembelea wazee. Tulibeba mashine ya presha, kipimo cha sukari, doti moja ya khanga na kilo mbili za sukari. (Tunajua, kumpima mtu sukari huku umemletea sukari! Lakini hakuna anayekwenda kwa wakwe mikono mitupu, na wazee wetu tunawahesabu kama wakwe.) Kutoka kituoni tulichukua bajaji, ikatupitisha kwenye mchanga mpaka mwalimu akaanza kuomba kimoyomoyo, na mwisho ikatushusha mbele ya nyumba yenye baraza pana na mwembe.

"Hodi hapa!"

"Karibuni wanangu," akaitika mama mwenye nyumba, akajifunga khanga vizuri. Tukamwamkia. Akatuitikia, kisha akainua mkono kutuzuia. "Baba yenu msimsalimie kwanza. Hajavaa sikio."

"Liko wapi, mama?"

"Betri yake iko kwenye kamera."

Tulitazamana. Akaingia ndani, tukamsikia akipiga makofi mawili na kuonyesha kitu kwa sauti ya juu. Baada ya dakika chache mzee akatoka, mrefu, shati limepigwa pasi, mashine ya kusikia ikiwa nyuma ya sikio la kulia. "Sasa salamu zije," akasema. Tukampa shikamoo zake, naye akazipokea moja moja.

Sikio ndani ya kamera

Mzee huyu ana umri wa miaka 81. Tangu mwaka 1974 alikuwa na studio ya picha Magomeni, mahali ambapo wengi wetu tuliozaliwa Dar es Salaam tulipelekwa tukiwa tumepakwa mafuta mpaka usoni, tukasimamishwa mbele ya pazia lililochorwa mlima na ndege. Alipiga ubatizo, Kipaimara, harusi, misiba na picha za pasipoti. Simu zilipoanza kupiga picha, wateja walipungua hadi akafunga, akahamia Bunju kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga tofali kwa tofali. Kamera alikuja nazo.

Ziko sebuleni, kwenye kabati la vioo. "Kabati hilo nililinunua kwa pesa yangu ya upatu, niweke vyombo," mama alitueleza bila kukasirika, kama mtu aliyekwisha lisema mara nyingi. "Vyombo viko jikoni kwenye sanduku." Tulihesabu kamera kumi na moja. Zote ni za kuvuta kwa mkono na kutia mkanda wa filamu, na tuliposema kwamba hatujawahi kuziona zikiwa pamoja namna ile, mzee alisahau presha yake na sisi tukasahau mashine.

Yeye huzigawa kamera zake makundi mawili: zinazojua kufunga na zisizojua kufunga. Inayojua kufunga ni ile ambayo betri ikifa bado inafanya kazi, kwa sababu mlango wake unaofunguka na kufunga unaendeshwa na springi. Kwenye hizo, betri ni ya kipima mwanga tu, yaani kile kisindano kinachomwambia mpiga picha kama mwanga unatosha. Ndivyo ilivyo Pentax K1000 ya Japani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, ambayo kasoro yake ni kwamba haina swichi ya kuzima: usipoifunika lenzi kwa kifuniko chake, kipima mwanga hubaki macho na betri huisha kimya kimya kabatini. Isiyojua kufunga ni kama Canon AE-1, ya mwaka huo huo wa 1976. Hiyo betri yake ya volti 6 ikiisha, hata ubonyeze mpaka kidole kiume, haitoi sauti. Mzee alishasimama madhabahuni na bibi harusi akiwa amekwisha inua shela, kamera ikagoma. Tangu siku ile alikwenda harusini na kamera mbili na betri ya akiba mfukoni.

Kuna na ya tatu ambayo yeye huiita mcha Mungu, maana haitaki chochote: Zenit E, iliyotengenezwa Urusi enzi ya Muungano wa Kisovyeti. Mbele, juu ya lenzi, ina kipande cha kioo chenye vinundu, na nyuma ya kioo kile mna madini ya seleniamu yanayogeuza mwanga kuwa umeme kidogo wa kusukuma kisindano. Inakula jua. Tuliipeleka barazani na sindano ikapanda. Tukaifunika kwa kiganja, ikashuka.

Lakini kipenzi chake ni Yashica Mat 124G, ile ya kusimama wima yenye macho mawili, moja juu ya jingine. Jicho la juu ni la kutazamia na la chini ndilo linalopiga. Unaishika tumboni, unainamisha kichwa na kutazama ndani ya kioo kama mtu anayechungulia kisima, na kila kitu utakiona kimegeuka: aliye kulia yuko kushoto. Mkanda wake hutoa picha 12 tu za mraba. Ukifungua mfuniko wa juu, kipima mwanga huamka, ukiufunga, hulala. Na kipima mwanga hicho ndicho kilichokula sikio la mzee.

Kisa ni hiki. Yashica ile, kama kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970, ilitengenezwa kutumia betri ya zebaki ya volti 1.35, iliyojulikana kwa namba PX625. Betri ya zebaki ilibuniwa na Mmarekani Samuel Ruben na kuanza kutumika mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya redio za askari na vifaa vingine vya vita. Sifa yake kubwa ilikuwa uaminifu. Tangu siku unayoitia mpaka inapokaribia kufa, volti yake haichezi, ndiyo maana watengenezaji wa kamera waliipenda. Hawakuhangaika kuweka kitu cha kusawazisha umeme, waliiamini betri.

Betri zile zilipotoweka madukani, mzee alikwenda kwa fundi saa Kariakoo, akapewa betri ya kawaida yenye umbo lile lile, ya volti 1.5. Tofauti ya volti 0.15, mtu anaweza kusema si kitu. Basi kwa kipima mwanga ni kama mizani ya kliniki ya watoto ambayo hamkuirudisha kwenye sifuri kabla ya kumning'iniza mtoto: sindano inapanda kuliko ukweli, mama anafurahi mwanawe ameongezeka, kumbe sivyo. Kamera ikadhani mwanga ni mwingi. Mzee akaifuata, akapunguza tundu la lenzi. Ilikuwa ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza. Picha zote 12 zilitoka giza. Gauni jeupe linaonekana, uso wa mtoto hauonekani.

"Miaka yote napiga watoto wa watu," alisema, "wa kwangu nikampoteza kwa betri ya saa."

Tena betri hizo za kawaida zina ubaya mwingine: volti yake hushuka kadiri inavyotumika, kwa hiyo kosa la leo si kosa la wiki ijayo, huwezi hata kulizoea. Zile za fedha, yaani silva oksaidi, hukaa imara kwenye volti 1.55, na mwenye kujua anaweza kuidanganya kamera kwa kubadili namba ya kasi ya filamu. Mzee alijaribu hivyo kwa muda. Halafu hospitali ikampa mashine ya kusikia.

Betri ya mashine ile, namba 675, hutumia zinki na hewa. Imebandikwa kikaratasi; ukikibandua, hewa huingia kwenye vitundu vidogo na betri huanza kufanya kazi. Volti yake ni kama 1.4, karibu kabisa na ile ya zebaki, nayo haichezichezi. Ni nyembamba kuliko tundu la Yashica, kwa hiyo mzee aliizungushia mpira mdogo wa fundi bomba, ikakaa. Sindano ikarudi mahali pake. Ubaya wake ni kwamba ukishaibandua, hata usipoitumia, itakauka baada ya wiki kadhaa au miezi michache, wala kuibandika tena karatasi hakuirudishi utoto.

"Kwa hiyo mnaona ndoa yangu," mama akadakia. "Nikimwita chakula tayari, yuko uani anapima mwanga wa mwembe, na sikio liko tumboni mwa kamera."

Mzee alikuwa anatabasamu. Hatukuweza kujua kama alisikia.

Zebaki tuliyoijua wodini

Sisi wauguzi zebaki hatukuihitaji kuelezwa. Tulifundishwa kazi kwa vipimajoto vya kioo na mashine za presha zenye mnara wa zebaki. Kipimajoto kikianguka, vile vishanga vya fedha vilikimbia sakafuni, na mwanafunzi asiyejua alivikusanya kwa kidole kwa kuvipenda. Mvuke wake huingia mwilini bila harufu. Jina la Minamata ni la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na kina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioharibika ubongo. Ndiyo sababu mkataba wa dunia wa kuizuia zebaki, uliotiwa saini mwaka 2013, umepewa jina la mji ule. Marekani ilipiga marufuku betri za zebaki kwa sheria ya mwaka 1996, Ulaya ikafuata, na mkataba huo uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje vipimajoto na mashine za presha za zebaki pamoja na betri nyingi za aina hiyo. Tanzania nayo imo.

Basi tulipomwona mzee akitoa chini ya kabati kopo la vidonge lenye betri kuukuu tatu za PX625, zenye ukoko wa kijani pembeni, tulimwomba asizishike. Tulizitia kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, tukaondoka nazo, na baadaye tukazikabidhi kwa afisa afya. Mama mwenzetu, ukikuta kitu kama hicho kwenye redio au kamera ya marehemu baba, usikitupe motoni wala usikifukie shambani.

Ukoko ule wa kijani na mweupe ndio unaozimaliza kamera za watu wetu. Betri iliyosahaulika miaka kumi hutoa maji na kula bati la ndani. Kwa betri za kawaida mzee hufuta kwa kijiti cha pamba kilichoguswa siki au ndimu, kisha spiriti, kisha anaacha pakauke. Na kwa unyevu wa pwani, unaoleta kuvu hadi kwenye kioo cha lenzi, hutumia vile vifuko vidogo vya kunyonya maji vinavyokuja ndani ya makopo ya dawa. Tuliahidi kumkusanyia.

Kazi hii kwetu ni ya zamani, alitukumbusha, na walioianza hawakuwa na betri ya kuwaumiza kichwa. Gomes alikuwa na studio Unguja tangu karne ya kumi na tisa. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko huko Unguja mwaka 1930. Na Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza akiwa mvulana wa shule hapa hapa Dar es Salaam kwa kamera kuukuu aina ya Box Brownie, boksi tu lenye tundu na kifyatuo. Mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake ya Camerapix mjini humu. Ndiye ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, na alikufa kwenye ajali ya ndege iliyotekwa karibu na Visiwa vya Ngazija mwezi wa Novemba 1996. Mzee alilitaja jina lake huku amesimama.

Ya tano iko wapi?

Tulikuwa tunakunywa chai. Mjukuu wa nyumba hiyo, mvulana wa miaka miwili na miezi kadhaa, alikuwa nyuma ya kochi kimya, na akina mama mnajua mtoto wa umri huo akinyamaza maana yake nini. Mwalimu ndiye aliyeinama kutazama. Alikuwa amekaa na kikopo cha bati kilichofunguka, betri za sikio zimemwagika kwenye mkeka, na kidevu chake kimelowa udenda.

Tulizikusanya. Zilikuwa nne.

"Zilikuwa tano," mama akasema. "Jana usiku nimezihesabu mimi mwenyewe, kwa sababu ya bei."

Tulitikisa mkeka, tukavuta kochi, tukampapasa mtoto nguo zote, tukamfungua kinywa. Hatukuona kitu. Tulimpa uji akakataa. Mzee alifungua Yashica kwa mikono inayotetemeka: ya kwenye kamera ilikuwamo. Ya sikioni iko sikioni. Ya tano haipo.

Hapa tuseme wazi, maana tumeona wodini mambo ambayo hatupendi kuyasimulia. Betri ya duara si kama sarafu. Sarafu ikimezwa mara nyingi hupita. Betri ikikwama kwenye koo la chakula, mate hukamilisha njia ya umeme, na pale ilipogusa pataungua kama pamemwagiwa magadi makali. Saa mbili zinatosha kuunguza vibaya. Hata betri tuliyoiita imekwisha, inayoshindwa kuendesha saa, bado ina nguvu ya kuunguza. Mbaya kuliko zote ni zile pana za lithiamu za milimita 20, zilizomo kwenye rimoti, mizani za jikoni na vitu vya watoto vinavyowaka taa. Mtoto anaweza kutoa udenda, kukohoa, kukataa chakula, kubadilika sauti. Au asionyeshe lolote.

Hatukumtapisha, kwa sababu kutapisha huirudisha betri juu kuunguza mara ya pili. Hatukumpa tena maji wala chakula. Mama alikuwa na chupa ya asali, na kwa kuwa mtoto alikwisha pita mwaka mmoja, tulimlambisha vijiko viwili vya chai, na njiani tukarudia kila baada ya dakika kumi, kwa maana asali hupunguza makali ya kuungua wakati mnakimbilia hospitali. Aliye chini ya mwaka mmoja haipewi kabisa. Na asali si tiba. Mwenye kukaa nyumbani akilambisha asali anampoteza mtoto. Iliyoingia puani au sikioni nayo ni ya kukimbizwa hospitali vile vile, bila kutia tone la kitu chochote.

Bajaji ilirudi kwenye mchanga ule ule, safari hii mwalimu akimhimiza dereva. Mama alikaa mbele na mtoto, mmoja wetu akishika chupa ya asali, mzee akabanwa pembeni. Hakusema neno. Alikuwa ameshika kifuniko cha kikopo, anakigeuza na kukigeuza.

Tulifika hospitali, tukasema neno "betri" mlangoni, na hatukupanga foleni. Mtoto alipigwa eksirei ya shingo, kifua na tumbo. Betri kwenye picha huonyesha duara lenye ukingo mara mbili, tofauti na sarafu. Tulisimama nyuma ya daktari, tukatazama kioo, tukatafuta lile duara kuanzia kidevuni hadi nyongani. Halikuwamo.

Daktari aliangalia mara ya pili, akatuambia hakuna kitu, na kwamba udenda ule huenda ni magego ya nyuma yanayoota. Akamchungulia akayaona yamevimbisha ufizi. Mama alikaa chini kwenye sakafu ya korido, akamweka mtoto mapajani.

Ndipo mzee akaweka mkono sikioni. Alichomoa mashine yake, akafungua kile kimlango kidogo, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

Asubuhi tulipobisha hodi, na mama akamwambia avae sikio, hakutaka kuitoa betri ya kwenye kamera, kwa kuwa alikuwa amekwisha pima mwanga ili atupige picha. Alichukua mpya kikoponi. Ya tano ilikuja nasi hospitali.

Tulicheka, ingawa haikuwa ya kuchekesha. Mama hakucheka. Alimtazama muda mrefu, halafu akasema, "Rudisha sikio lako, nina maneno nawe nyumbani."

Makopo ya maziwa

Tulirudi Bunju mwezi uliofuata. Kikopo cha betri kilikuwa juu ya kabati la nguo, kimezungushiwa plasta, na ufunguo wa kabati la kamera uko kwenye fundo la khanga ya mama. Tulimletea mzee pakiti moja ya betri sita, tukasema mbele ya mama kwamba ni za kamera tu. Mama akaipokea yeye.

Safari hii hatukuwa wageni peke yetu. Mkekani alikaa mwanamke wa umri wa miaka sitini na kitu, na mbele yake makopo ya maziwa ya unga yamepangwa. Tulidhani ni jirani anayeuza kitu. Kumbe alitoka Mabwepande.

Mtakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, Bonde la Msimbazi lilipojaa na nyumba za Jangwani na kwingineko kuzama. Mapema mwaka 2012 Serikali iliwahamishia wengi Mabwepande, huku huku upande wa Bunju. Walipewa viwanja na mahema wakaanza upya. Godoro hununuliwa tena. Sufuria hununuliwa tena. Albamu ya picha iliyokwenda na maji haiko dukani. Lakini watu wale wa bondeni walikuwa ndio wateja wa studio ya Magomeni, na mzee hakuwahi kutupa negativu hata moja. Alizitia kwenye bahasha, bahasha kwenye makopo, na juu ya kila mfuniko akachora mwaka kwa msumari. Habari zilipoenea Mabwepande kwamba mzee wa studio yuko Bunju, walianza kuja.

Wengi amewapatia. Zamani angechapa mwenyewe kwenye chumba cha giza. Siku hizi hufanya hivi: simu moja huwekwa ikiwaka kioo cheupe kitupu, negativu ikalazwa juu yake, simu ya pili ikaipiga picha, na programu ya simu ikageuza nyeusi kuwa nyeupe. Kioo kisiiguse negativu moja kwa moja. Weka kipande cha plastiki angavu katikati, isionekane vidoa vya kioo. Mwalimu wetu alijifunza mchana ule ule, na sasa ndiye mwenye simu bora.

Mwanamke yule picha ya harusi yake ameshapata. Aliyokuja kuitafuta ni ya mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1985 na kufariki kabla hajaanza shule. Alimpeleka studio mara moja tu, Sikukuu ya Pasaka, amevaa kaptula ya bluu na viatu vya kuazima. Mwaka haukumbuki sawasawa. Hakuna picha nyingine ya mtoto huyo popote. Alituambia kwamba sauti yake anaikumbuka, ila uso umeanza kuchanganyika na uso wa mdogo wake.

Ingekuwa kazi ya nusu saa, kama si mchwa. Waliingia kwenye makopo yenye kutu wakala bahasha na majina yote. Zimebaki negativu zimelala pamoja, ukanda juu ya ukanda, na nyingine kuvu imepita kama utando wa buibui. Inabidi kuziinua moja moja dirishani. Na kwenye negativu cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe; kaptula ya bluu na kaptula ya kahawia ni kitu kimoja. Tulitafuta mpaka saa kumi jioni. Tuliona watoto wengi wa Pasaka, wengine sasa bila shaka ni baba za watu, kila mmoja mbele ya mlima ule ule na ndege ile ile. Kila tulipomwonyesha alitazama vizuri, halafu akatikisa kichwa, na kutushukuru.

Kabla hatujaondoka mzee alitupanga barazani, sisi watatu, mama, na mwanamke yule katikati. Alifungua mfuniko wa Yashica, akainama kuchungulia, akatuambia tusogee kushoto, tukasogea, akasema sikusema kulia. Mkanda aliupata kwa mtu aliyetoka ng'ambo, maana bei yake unaweza kununua kilo mbili za nyama, na mama analijua hilo. Aliusafisha mwenyewe bafuni usiku, beseni la dawa likiwa ndani ya beseni la barafu, kwa kuwa dawa inataka nyuzi 20 na maji ya bomba ya Bunju hayajawahi kuzifikia. Picha imetufikia. Imetoka vizuri, nyuso zote zinaonekana, ila mwalimu amefumba macho.

Tunakwenda sasa kila Jumamosi ya pili ya mwezi, tukishamaliza presha na sukari. Tulianza na kopo la 1986. Hadi tunaandika haya tumefika nusu ya kopo la 1989.